Zablon Hakuikataa Gari Yangu

Nilikuwa nimelala chali mtaroni, mkono wangu wa kushoto umebanwa chini ya mlango wa pikapu, petroli inanidondokea shingoni. Jeneza la kaka yangu Zablon lilikuwa limechomoka nyuma na kukaa katikati ya barabara ya murram, kifuniko bado kimefungwa, vumbi jekundu limelifunika lote. Nilikuwa naita watu waje wanyanyue gari. Hakuna aliyekimbia. Nilichosikia ni sauti ya baba yetu mdogo, Mzee Elkana, akiwaambia wale waliosimama naye barabarani:

"Mmeona wenyewe? Amemkataa. Zablon amekataa kubebwa na huyu."

Maumivu ya mkono yalifika baadaye. Maneno hayo yalitangulia, na mpaka leo hayajatoka.

Nyinyi wenzangu wa stendi ya pikapu pale Kibuye, Kisumu, kila mmoja ameniuliza kwa wakati wake: Naftali, ilikuwaje? Nimechoka kueleza vipande vipande huku mtu akiutazama mkono badala ya kunisikiliza. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mtanivumilia. Habari za mochari na mihuri yake naziruka, aliyewahi kufiwa anazijua. Naanzia pale ubaya ulipoanzia, na haukuanzia kilimani. Ulianzia Obunga, kwa fundi anayeitwa Onditi. Nalitaja jina lake kwa makusudi.

OBUNGA

Mnaijua pikapu yangu, Nyar Asembo, yaani binti wa Asembo. Tuliiita hivyo kwa sababu niliinunua kwa mama mmoja mfanyabiashara wa samaki huko Asembo Bay, na hata baada ya kuiosha kwa sabuni miaka yote hiyo, jua likiwaka kali ilikuwa bado inanuka mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani. Umri wake ni sawa na wa Uhuru. Ilikuwa nzee, lakini injini yake ilikuwa nzima.

Kasoro ilikuwa moja. Sampu, lile bakuli la chuma chini ya injini linaloshika oili, ilikuwa inavuja. Nikampelekea Onditi, na gasketi mpya ya kuizibia nikanunua mimi mwenyewe, ya dukani, ikiwa ndani ya karatasi yake. Nikamtia mkononi. Nilikuja kujua baadaye kwamba gasketi ile aliifunga kwa gari ya mteja mwingine aliyekuwa akipiga kelele kunishinda. Yangu aliikata kwa makasi kutoka kwa katoni ya sabuni, halafu akaipaka gundi nene ya gasketi ndani na nje, kama mtu anayepaka mkate siagi ya bure. Nilipokuja kuchukua gari, chini palikuwa pakavu. Nikamshukuru. Nilimshukuru, mnasikia?

Siku chache baadaye, nikitoka Kondele na mzigo wa saruji, taa ya birika ikawaka. Dereva yeyote anaijua: ile taa nyekundu yenye picha ya birika linalodondosha tone. Watu wengi hudhani inasema oili imeisha. Sivyo. Inasema oili haina presha, haisukumwi kufika kwenye vyuma, na vyuma visipopata oili vinatafunana. Nikasimama, nikachomoa kijiti cha kupimia. Oili imejaa mpaka kwenye alama. Nikakaa kidogo nikifikiri. Kuwasha tena, taa ikazima, injini ikatulia vizuri kabisa.

Nikarudi kwa Onditi. Kufika, akawasha yeye mwenyewe: taa hakuna.

"Baba Apiyo, hii taa ni muongo," akaniambia. "Gari ikizeeka, na taa nayo inaanza kuota ndoto."

"Iliwaka, Onditi. Na tapeti huko juu ya injini zilikuwa zinapiga kelele."

"Basi wacha nikukatie waya, upumzike."

"Ukate waya? Mtoto akilia wewe unamkata ulimi?"

Watu wote pale gerejini wakacheka. Onditi pia alicheka, akafunga boneti. Hakuinama hata mara moja kuangalia chini.

Wiki hiyo hiyo Zablon akafa. Kifua kilimsumbua muda mrefu, tulikuwa tunajua, lakini kujua hakusaidii.

Nilitaka kukodi gari nyingine ya kumpeleka nyumbani akazikwe. Nilisema hivyo mbele ya watu, wapo wanaoweza kushuhudia. Aliyekataa ni Mzee Elkana, aliyekuwa amekuja kutoka nyumbani kusimamia safari. "Ndugu yako apelekwe na gari ya kukodi na wewe una gari? Watu watasema nini?" Nikakubali, kwa sababu kulikuwa na jambo. Mimi na Zablon tulikuwa tumenuniana kwa muda kuhusu fahali mmoja wa mahari ya dada yetu, nani kati yetu amchukue. Fahali mwenyewe alikuwa akila nyasi kwa Mzee Elkana, ati anatunzwa mpaka tupatane. Mlikumbuke hilo tukiendelea.

KISUMU MPAKA AHERO

Tulitoka asubuhi, kabla jua halijashika kasi. Mbele tulikaa watatu: mimi, shemeji yangu Rosa, mjane wa Zablon, hapo katikati, na Mzee Elkana dirishani na kofia yake magotini. Nyuma, kando ya jeneza, walikaa akina mama wa kwetu wakiimba nyimbo za kanisa, na binamu yetu Ajwang', mtu wa maneno mengi, aliyeketi juu ya gurudumu la akiba. Tulifunga matawi ya majani mbele ya gari ili wenye barabara wajue tumebeba nani. Njia ilikuwa ndefu: Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, halafu barabara ya Mbita mpaka kwetu ufuoni. Na mwili ulitakiwa kuingia bomani jua likiwa bado lipo.

Wao waliangalia barabara. Mimi niliangalia birika.

Tulipita Nyamasaria salama. Mbele huko, kwenye mashamba ya miwa, taa ikacheza. Ikawaka, ikazima, ikawaka ikakaa. Tapeti zikaanza kulia kama cherehani isiyo na mafuta. Nikaegesha, nikazima.

"Kuna nini?" Rosa akauliza.

"Taa ya oili, Shemeji. Tungoje kidogo."

Mzee Elkana alikuwa ameshashuka. Kwetu gari iliyobeba maiti ikisimama njiani, watu hawaanzi na boneti. Wanaanza na mwenye safari. Wanasema amekataa kwenda, kuna kitu kinamkera, na inafaa asihiwe. Nimeyaona hayo tangu nikiwa mdogo, na sikuyacheka wala siyacheki leo. Elkana akavua kofia, akagonga jeneza kwa vidole, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara:

"Zablon, omera, hapa si kwako. Kwako wanakungoja. Mama yako amekaa mlangoni anakungoja. Wadhi dala."

Omera ni ndugu yangu, na wadhi dala ni twende nyumbani. Akina mama wakaitikia, wadhi dala, wadhi dala, na Rosa akaegemea jeneza akalia mpaka akina mama wakamshika. Ilichukua muda wa kutosha.

"Washa," Elkana akaniambia.

Nikawasha. Birika likazima. Injini ikanguruma laini.

"Amesikia," akasema Rosa, akijipangusa kwa leso.

Hata mimi nilipumua. Nilisema kimoyomoyo, asante kaka. Pale Ahero tulikula wali na maharagwe tukiwa tumesimama, akina mama wakipokezana kukaa na mwili. Wengi wetu tulirudisha sahani zikiwa nusu. Mzee Elkana aliomba kuongezewa.

AHERO MPAKA KATITO

Hatukufika mbali. Taa ile ile, kelele zile zile. Nikasimama pembeni, na gari ilipozimika tu, kofia ya Elkana ikavuliwa.

Ajwang' akatoa kichwa nje huko nyuma. "Zablon alikuwa hivi hivi hata siku za kanisa," akasema. "Mpaka umwite na kumwita tena, huku anatafuta kiatu kimoja."

Akina mama wakacheka katikati ya machozi, hata Rosa. Mzee Elkana hakucheka. Akagonga jeneza, na mara hii maneno yakabadilika.

"Zablon, huyu Naftali ni ndugu yako wa tumbo moja. Hata kama alikula haki yako, mwache atufikishe kwanza."

Nilikuwa nimeshika usukani. Nikashuka.

"Mzee, haki gani niliyokula?"

"Namsemesha marehemu. Sikusemeshi wewe."

"Lakini jina ulilotaja ni langu."

"Ukiona jina lako linakuchoma, jiulize kwa nini."

Akina mama wakaniambia nisigombane mbele ya maiti. Nikarudi kwenye usukani. Nikawasha, taa ikazima, na safari hii sikushukuru mtu. Niliona Rosa amesogea kidogo, bega lake halinigusi tena. Kwenye kiti cha pikapu kama ile, kusogea huko ni kujibana kabisa upande wa pili.

Hapo ndipo nilipoanza kulinganisha. Gari ikitembea, inaugua. Ikizimwa ikakaa, inapona. Sasa inaponywa na dua, au na kule kukaa? Nikasema nitaipima.

KATITO

Taa iliwaka tulipoanza kuona mabati ya soko. Sikumwambia mtu. Niliegesha karibu na hoteli ya chai, nikazima, nikasema watu wapumzike wapate chai na mandazi. Hakuna aliyejua kuna tatizo, kwa hivyo hakuna aliyesihi. Kofia ya Elkana ilikaa kichwani. Rosa peke yake alibaki nyuma na mwili.

Karibu nasi palikuwa na lori la ndizi kutoka Kisii, na dereva wake, mtu mnene anayeitwa Nyakundi, alikuwa ameona nikichungulia chini ya gari. Akaja bila kuitwa, kama madereva wanavyosaidiana. Nikamweleza. Chai ilipokwisha nikawasha. Birika likazima lenyewe.

"Sasa ngoja," akasema Nyakundi. Akaweka spana ndefu kwenye injini, sikio kwenye spana. Akaniambia nikanyage mafuta, niache, nikanyage. Tulikaa hivyo kwa muda, mpaka taa ikarudi kucheza.

"Ikitembea inaugua, ikilala inapona," akasema. "Kuna uchafu ndani ya sampu, Bwana. Pampu inaponyonya oili, uchafu unapanda na kushikamana na chujio. Ukizima, hakuna kunyonya, unaanguka chini. Ukiwasha, unapanda tena polepole. Kuna mtu amefungua sampu hii karibuni?"

"Yuko Obunga," nikasema.

"Basi tuifungue. Spana ninazo. Jua hili hili tutamaliza."

Sijui niwaelezeje furaha yangu. Nilimwendea Mzee Elkana mbio mbio.

"Mzee, nimejua ni nini! Taa ilikuwa inawaka tukiingia hapa. Hakuna aliyemsihi Zablon, na imezima yenyewe. Ni chujio limeziba!"

"Hilo ni kweli," Ajwang' akasema, mdomo umejaa. "Sisi tulikuwa tunasihi mandazi."

Elkana akamgeukia Rosa. "Mama, wewe ulikuwa unafanya nini huko nyuma?"

Rosa alikuwa bado ameweka mkono juu ya jeneza. "Nilikuwa nikimsihi," akasema polepole. "Kimoyomoyo. Tangu tuliposimama."

Elkana akafungua viganja vyake viwili, akanionyesha, kama mtu aliyemaliza kesi.

Nikabisha. Nilibisha mpaka watu wa soko wakaanza kutuzunguka. Elkana akasema, "Unataka kumlaza ndugu yako katikati ya ndizi na mbuzi, wewe ulale chini ya gari unachezea oili? Mama yako umwambie nini jua likizama?" Tulikuwa tunasema kwa lugha ya kwetu, na Nyakundi hakuelewa hata neno. Akadhani tunabishana juu ya malipo yake. Akapaza sauti: "Mwambieni Mzee sitaki pesa! Nataka tu kusaidia!" Elkana akamjibu kwa upole, "Asante, kijana. Shida yetu si ya spana."

Akina mama walikuwa upande wa Elkana. Rosa hakunitazama. Nyakundi alinishika bega, akasema kitu kimoja cha mwisho: "Basi usiikimbize. Na taa ikiwaka, zima hapo hapo." Nikaondoka Katito nikijua ugonjwa na dawa, na nimekatazwa kuitumia.

KATITO MPAKA KENDU BAY

Sehemu hii ndiyo iliyonimaliza. Niliamua nisingoje taa, nitakuwa nasimama kabla yake, uchafu uanguke. Mara nasema nakaza kamba ya jeneza. Mara naangalia gurudumu. Mara naomba ruhusa niende kichakani.

"Kibofu chako kimezeeka kabla yako?" Elkana akauliza.

"Ni chai ya Katito, Mzee."

Vumbi la murram linaingia dirishani, ziwa linaonekana upande wa kulia likimeta, na mimi sioni chochote isipokuwa kitu kidogo chekundu ambacho hakijawaka. Shati lilinigandama mgongoni. Na kila tulipopumzika, gari ilikwenda umbali mfupi zaidi kuliko mwanzo. Kwa hivyo nilichelewa kidogo mara moja tu, nyuma ya kundi la ng'ombe waliokataa kutoka njiani, na birika likawaka mbele ya macho ya Elkana. Tukasimama, kofia ikavuliwa, wadhi dala zikaanza. Magari mawili matatu yalitupita tukiwa hapo, yakapunguza mwendo kuangalia, yakaenda zao mbele na habari.

Kendu Bay nilishuka kununua chakula. Mama mmoja alikuwa akikaanga samaki kando ya barabara. Nikamwomba samaki na ugali. Alikuwa ameshaninyoshea sahani, halafu akaona matawi kwenye gari.

"Ni wewe ndiye ndugu?" akauliza. "Yule ambaye marehemu hamtaki?"

"Nani amekuambia?"

Aliiweka sahani chini, akaisukuma kwangu kwa kijiti cha kugeuzia samaki, ili vidole vyetu visikutane. Samaki wale Ajwang' ndiye aliyewala. Mimi nilikunywa maji.

HOMA BAY

Kabla ya kuingia Homa Bay sauti ilibadilika. Tapeti hulia juu, sauti nyepesi. Hii ilitoka chini kabisa ya injini, nzito, ngo, ngo, ngo, unaisikia kwa nyayo za miguu. Hizo ni beringi zinazoshika mhimili wa injini, zimeanza kuliwa. Zikifika hapo, kusafisha chujio peke yake hakutoshi tena.

Nikaegesha. Nikamwita Mzee Elkana kando, mbali na wengine, nikasema kwa heshima yote.

"Baba, gari hii haitapanda kilima cha njia ya Mbita. Nakuomba. Hapa Homa Bay tunaweza kupata gari nyingine. Mimi nitapanda nyuma na Zablon."

Akanijibu bila hasira, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, hakuwa hata na hasira:

"Sawa. Tutatafuta gari. Lakini mimi ndiye nitakayemweleza mama yako kwa nini mtoto wake mkubwa aliteremshwa kwenye gari ya mtoto wake mdogo katikati ya njia. Na watu watauliza, na mimi sitadanganya. Nitasema nilichokiona tangu Ahero."

Nyinyi mngefanya nini? Mama yangu ana watoto wawili wa kiume. Mmoja yuko ndani ya sanduku, na sasa Mzee Elkana anataka kumwambia kwamba yule wa sanduku amemkana aliye hai. Nikatia oili mpya, nzito kuliko zote walizokuwa nazo, nikamwambia Rosa tupande. Kwa mara ya kwanza tangu Katito akaniuliza, "Naftali, tutafika?" Nikamwambia tutafika.

KILIMANI

Tulikuwa tumepita nusu ya mwinuko. Gia ya pili, mguu mwepesi, birika limewaka na sina tena pa kusimama kwa sababu nikisimama pale siondoki. Akina mama walikuwa wameacha kuimba. Ngo, ngo, ngo. Halafu ukatoka mlio mmoja kama wa panga likipigwa kwenye reli, na magurudumu ya nyuma yakajifunga. Gari ikasita, ikazima. Injini ilikuwa imeshikana, chuma kwa chuma.

Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Klachi nikaiachilia ikae na gia, lakini gia yenyewe ilianza kurukaruka kutoka. Breki ya mkono ya gari ya umri ule inashika ikiwa tupu, haishiki na mzigo kilimani. Watu wote walishuka, nyuma na mbele. Nikabaki peke yangu ndani, na Zablon nyuma yangu.

"Mawe!" nikapiga kelele. "Wekeni mawe nyuma ya magurudumu!"

Kwenye kioo nilimwona Ajwang'. Aliacha utani wake wote, akaenda ukingoni, akarudi amekumbatia jiwe kubwa. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye gurudumu. Mzee Elkana akanyosha mkono akamzuia kifuani.

"Vua kofia kwanza," akamwambia. "Huwezi kumwendea ndugu yako hivyo na wewe umebeba jiwe. Weka chini. Tumsihi."

"Mzee, gari inateleza!" Ajwang' akasema.

"Inateleza kwa sababu hajasihiwa!"

Na Ajwang', Mungu amsamehe, mtu mzima mwenye watoto, akaliweka lile jiwe chini kando ya barabara ili avue kofia. Nilimwona akiliweka. Nilikuwa bado napiga kelele. Elkana akaanza: Zablon, omera. Pedali ya breki ikaanza kuzama chini ya mguu wangu, polepole, halafu upesi. Sikumsikia akifika kwenye wadhi dala.

Gari ilirudi nyuma, ikapinda, ikaingia mtaroni kwa ubavu. Mlango wangu ulifunguka, mimi nikatoka nusu, na ukanifungia mkono chini. Mengine niliyasema mwanzoni.

Walioninyanyua hawakuwa watu wangu. Ni wavuvi waliokuwa wakipita na baiskeli; wa kwetu alikuwa Ajwang' peke yake, akilia kwa sauti. Baadaye likapita lori la kubeba samaki, wakaomba, jeneza likapandishwa. Lilipanda kilima kile bila shida yoyote na kufika nyumbani jua likiwepo. Injini yake haikuwa na katoni ya sabuni ndani yake. Lakini watu walichosema ni kingine: mmeona, kwa gari ya mgeni amekubali.

NYUMBANI

Kaka yangu alizikwa mimi nikiwa hospitali ya Homa Bay. Mkono haukukatwa, lakini hauinui hata kikombe, na mnajua dereva wa mkono mmoja ni nani stendi. Nilipotoka nilikwenda nyumbani. Nyar Asembo ilikuwa imevutwa na ng'ombe wa plau mpaka kando ya boma letu, nayo imekaa pale ikiangalia ziwa.

Nikamwita Ajwang'. Alikuja kimya, na si kawaida yake. Akajilaza chini ya gari, mimi nikimwelekeza kwa mkono mzuri, akafungua bolti za sampu moja moja. Oili ikamwagika nyeusi, na ndani yake unga wa chuma unameta. Lile chujio la pampu lilikuwa limefunikwa kama jicho lenye mtoto. Tulibandua vipande vya katoni vilivyolowa oili, na nyuzi nyuzi za gundi kama minyoo. Kipande kimoja kilikuwa bado na herufi nyekundu za sabuni.

Niliviweka vyote kwenye ungo, nikampelekea mama yangu. Nikapiga magoti, nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, kuanzia Obunga. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakishika kile kipande chenye herufi, akakigeuza geuza. Halafu akakirudisha.

"Mwanangu," akasema, "hata karatasi inaweza kutumwa."

Hakunifukuza. Ananipa uji asubuhi, ananiuliza mkono unaendeleaje. Lakini jioni akikaa mlangoni, anaangalia kaburi, halafu ananiangalia mimi, na mara moja moja anauliza kwa upole kabisa: "Ulimfanya nini ndugu yako?" Mara ya kwanza nilimjibu kwa maneno mengi. Siku hizi natoka nje.

Rosa alinitembelea mara moja. Alikaa, akasema, "Shemeji, siku ile Katito sikusema uongo. Nilimsihi kweli." Najua. Yeye simshtaki.

Ninaowashtaki ni wawili. Onditi wa Obunga, ambaye bado anafunga gari za watu kwa makasi na katoni: nataka uje kwetu, upande gari mpaka Homa Bay, upande kile kilima, uingie bomani na ungo huo nitakuwekea magotini. Umweleze mama yangu gasketi yangu ilikwenda wapi, na ni nani aliyesema taa ni muongo. Wewe utamweleza kwa Kiswahili chako, mimi nitatafsiri, sitaongeza neno.

Na wewe Mzee Elkana, huna safari ndefu, boma lako linaonekana kutoka kwetu. Fahali bado namsikia akilia kwako jioni. Tangu mazishi hakuna anayeuliza habari zake, kwa sababu mtu aliyekataliwa na ndugu yake wa damu ataulizaje mali? Kaa naye. Mimi namtaka mtu, simtaki ng'ombe. Njoo uvue kofia mbele ya mama yangu kama ulivyoivua mbele ya jeneza, na umwambie kwa sauti ile ile ya barabarani kwamba jiwe lilikuwa mikononi mwa Ajwang', na wewe ndiye uliyemwambia aliweke chini.

Masikio ya mama yangu yameanza kuchoka. Njooni akiwa bado anasikia.